Mtumbwi wa asubuhi, Ghuba ya Lutembe

Mwisho wa Machi nilipanda mtumbwi saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijakolea. Lutembe, ghuba ya Ziwa Victoria, ni eneo la Ramsar (ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa) tangu 2006, karibu kabisa na Kampala, na bado wengi wetu hatujafika!

Nahodha alizima injini mbali na mafunjo. "Subiri, dada, watakuja wenyewe." Wakaja. Buabua, ndege wa majini, mamia, wengine bado weupe, wengine kifua kimeshageuka cheusi tii huku mabawa yamebaki meupe. Ndilo vazi lao la kwenda kuzaliana Ulaya na Asia. Mmoja alipita karibu nikasikia bawa lake.

Darubini ilikuwa moja tu, abiria watano. Waongeze. Nitarudi na mama Aprili, kabla hawajaondoka.