Serre Chevalier: kabla ya kulinganisha bei, chagua kijiji cha kulala

Bonde la mto Guisane liko kusini-mashariki mwa Ufaransa, jirani na mpaka wa Italia. Humo ndimo ilimo Serre Chevalier, eneo lenye njia za kuteleza kwenye theluji zipatazo kilomita 250. Wauzaji wa likizo hulinadi kwa jua, siku 300 kwa mwaka, na sifa hiyo ina msingi. Milima ya Écrins iliyo upande wa magharibi huzuia sehemu kubwa ya mawingu yanayotoka Atlantiki, na zamani mji wa Briançon ulijengewa hospitali za wagonjwa wa kifua kwa sababu ya hewa yake kavu.

Ila njia nyingi za kuteleza zimetazama kaskazini. Hiyo ndiyo siri ya theluji kudumu hadi Aprili huku mteremko wa pili wa bonde umeshaanza kuota majani. Maana yake pia ni kwamba Januari utakaa kivulini saa nyingi, kwa baridi kali. Anayetaka jua la usoni anunue Machi.

Vijiji viko vinne, vimeungwa kwa lifti za kupandisha watelezaji mlimani juu na basi la bure chini. Tiketi ya lifti ya bonde zima ni ile ile popote utakapolala. Kinachobadilika ni asubuhi yako: utatoka mlangoni na kupanda, au utabeba skii mbili, fimbo na begi la mtoto hadi kituo cha basi ukiwa umevaa buti ngumu zisizokunjika. Kwa familia inayojifunza, huo ndio mpaka kati ya likizo na adhabu.

1. Villeneuve (mita 1,400 juu ya usawa wa bahari). Naiweka ya kwanza bila kusita. Iko katikati, hivyo mzoefu anaweza kwenda upande wowote na bado akarudi kula mchana na wanaojifunza. Sehemu za wanaoanza ziko karibu, na kuna bwawa la kuogelea na uwanja wa barafu kwa siku ambayo miguu imegoma. Baadhi ya majengo ni maghorofa ya zege yasiyopendeza macho, nami nakushauri uyavumilie, kwa kuwa mara nyingi ndiyo yaliyo karibu na lifti. Usikubali tangazo linalosema tu "karibu na lifti". Mwandikie mwenye fleti umuulize ni mita ngapi, na kama kuna kupanda mlima au kuvuka barabara kuu.

2. Le Monêtier-les-Bains (mita 1,500). Kwa uzuri, hakuna cha kushindana nacho. Ni kijiji cha mawe, kimetulia, na juu yake kuna msitu wa mélèze, miti ya jamii ya misonobari ambayo hupukutisha majani wakati wa baridi, hivyo mwanga hupenya hadi chini. Maji ya moto yanayotoka ardhini yamejengewa mabwawa ya kuogea, Les Grands Bains, na kukaa ndani ya maji hayo nje, theluji ikiwa imekuzunguka, ni jambo ambalo hata asiyeteleza atalifurahia. Nimekiweka cha pili kwa sababu kiko mwisho wa bonde. Upepo ukifunga lifti za juu, njia ya kwenda vijiji vingine hukatika na unabaki na basi. Kwa wawili wasio na watoto, ningekipa nafasi ya kwanza.

3. Chantemerle (mita 1,350). Hapa ndipo lilipozinduliwa gari la kamba la kwanza la eneo hili, mwaka 1941. Njia yake maarufu imepewa jina la Luc Alphand, mwana wa bonde hili aliyetwaa Kombe la Dunia la kuteleza kwenye theluji, la jumla, mwaka 1997, kisha akashinda mbio za magari za Dakar mwaka 2006. Wazoefu watapapenda. Wanaoanza wajue kwamba mwisho wa siku watashuka kwa gari la kamba pamoja na kila mtu, na foleni huwa ndefu.

4. Briançon (mita 1,200 kituo cha lifti). Huu ni mji kamili: supamaketi, stesheni ya treni, na ngome za Vauban, mhandisi wa kijeshi wa karne ya 17, zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Lifti inaanzia mjini kabisa. Umekuwa wa mwisho kwa sababu uko chini zaidi, na theluji ya kurudia hadi mjini haina uhakika. Lakini asiye na gari na mwenye bajeti ndogo aupandishe hadi wa pili.

Kuhusu wiki: epuka likizo za shule za Ufaransa, ambazo hugawanywa kwa kanda na kuchukua karibu wiki nne kati ya Februari na mwanzo wa Machi. Wiki za katikati ya Januari huwa na bei nafuu na theluji kavu. Katikati ya Machi ndipo chaguo langu. Panda mapema, kwa maana baada ya saa nane mchana theluji ya chini hulainika na kuchosha magoti. Fleti nyingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo barabara za siku hiyo hujaa.

Njia ya kufika ninayoiamini ni kupitia Italia: ndege hadi Turin, au treni hadi Oulx, kisha gari au basi kuvuka mlima kwa njia ya Montgenèvre. Ukija kutoka Grenoble utapita Col du Lautaret, njia ya kuvuka mlima iliyo mita 2,058, na hiyo hufungwa hatari ya maporomoko ya theluji inapokuwa kubwa. Ukiendesha mwenyewe, sheria ya Ufaransa inataka matairi ya baridi au minyororo katika maeneo ya milima kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi.

Skii usinunue, kodi. Pesa ya kununua itumie kwenye mafunzo ya asubuhi, angalau siku tano mfululizo, na kwenye miwani nzuri na losheni ya kukinga jua. Wengi wetu wenye ngozi nyeusi hudharau hiyo losheni. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza, nayo huongezeka kadiri unavyopanda, na midomo na macho ndivyo vinavyoumia kwanza. Dukani jaribu buti kwa dakika kumi nzima ukiwa umesimama. Kisigino kikinyanyuka, omba nyingine hata kama muuzaji ana haraka.

Ndugu mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anayeishi London asisahau kwamba kibali chake cha Uingereza hakimwingizi Ufaransa. Viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima, na unaweza kuomba hadi miezi 6 kabla ya safari. Inadai bima ya matibabu ya yuro 30,000, lakini bima hiyo ya viza mara nyingi haihusishi michezo ya theluji. Katika maeneo ya kuteleza ya Ufaransa, aliyeumia hutozwa gharama ya kuokolewa, hata akiwa ndani ya njia rasmi. Soma masharti, na kama kuteleza hakutajwi, nunua bima ya siku pamoja na tiketi ya lifti. Ni yuro chache tu.