Chupa ipi ununue Mombasa, na duka lipi la kuliamini

Ukitoka Nyali jioni ya Ijumaa, ukapita Bamburi mpaka Mtwapa, vibao vya "Wines & Spirits" vinafuatana barabara nzima na rafu zimejaa chupa mpaka darini. Wingi huo ndio unaomchanganya mnunuzi. Wengi huuliza lebo ipi ni nzuri, imetoka nchi gani, inauzwa pesa ngapi. Kwa mji huu mimi huanza na swali jingine: hii chupa imekaa wapi, na kwenye joto gani?

Mvinyo hutaka kuhifadhiwa penye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 15, pasipo na mwanga mkali. Msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, mchana wa Mombasa hufika nyuzi 32 au 33, na hata usiku joto halishuki sana. Chupa iliyosimama kwenye rafu chini ya mabati huwa inapikwa polepole. Mvinyo unatanuka, unasukuma kizibo juu, hewa inapata njia, na ile ladha ya matunda mabichi inageuka ya zabibu kavu zilizochemshwa. Mvinyo wa shilingi elfu nne uliopatwa na hayo hushindwa na wa elfu moja na ushei uliotunzwa vizuri. Kwa hiyo naanza na maduka, kisha ndiyo chupa.

Maduka, kwa mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa duka maalumu la mvinyo na pombe kali lenye kiyoyozi kinachofanya kazi kweli. Liendee saa nane mchana, siyo saa mbili usiku, maana usiku kila duka lina ubaridi wa kuridhisha. Ukiingia saa nane ukakuta muuzaji anajipepea kwa kipande cha kartoni, mvinyo wa pale uache. Tazama pia kama chupa zenye kizibo zimelazwa. Kizibo kikikosa kuguswa na mvinyo hukauka na kupitisha hewa. Zenye kifuniko cha kuzungusha zinaweza kusimama, hazina shida. Pombe kali nazo zisimame daima, kwa sababu ukali wake hula kizibo. Duka lililozilaza zote pamoja, mvinyo na wiski, halijui linachouza.

Halafu zungumza na muuzaji. "Samahani kaka, usiku mkifunga kiyoyozi huwa mnakizima?" Swali hili halimvunjii mtu heshima, na jibu lake litakufunza mengi. Anayekuambia kwamba huwa wanazima, lakini mvinyo wa bei unahifadhiwa ndani ya friji kule nyuma, huyo ni mtu wa kurudi kwake. Duka linalomwomba kijana kitambulisho pia nalipenda. Sheria ya Kenya inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na anayefuata sheria hiyo mbele yako huenda anazifuata na nyingine usizoziona.

Ya pili ni supamaketi kubwa. Ndani kuna ubaridi, bei imeandikwa, risiti unapewa, na bidhaa hutoka haraka kabla hazijazeeka. Kasoro yake ni taa kali zinazowaka kutwa na wahudumu ambao leo wako kwenye mvinyo, kesho kwenye sabuni. Ukijua unachotaka, inatosha kabisa.

Ya tatu ni kuagiza kwa simu ukaletewa na bodaboda. Kwa jin, vodka au wiski sina neno. Kwa mvinyo, agiza jua likishatua. Sanduku jeusi la pikipiki kwenye foleni ya daraja la Nyali saa saba mchana ni tanuri.

Ya mwisho ni kile kidirisha cha nondo cha mtaani. Ununue bia baridi, au pombe kali iliyofungwa na yenye stempu ya ushuru. Mvinyo usinunue hapo.

Ishike chupa kabla ya kulipa

Iinue mpaka usawa wa macho. Mvinyo unatakiwa ufike shingoni, karibu na kizibo. Ukiwa umeshuka mpaka mabegani, umevuja au umekauka. Pitisha kidole juu ya kifuniko cha foili. Ukigusa uvimbe katikati, kizibo kimesukumwa na joto. Ukihisi unatonata pembeni, mvinyo umeshatoka nje. Foili ya chupa nzima aghalabu huzunguka ukiipinda kidogo kwa mkono, na iliyogandishwa na mvinyo uliovuja haizunguki. Kisha soma mwaka ulioandikwa. Mvinyo mweupe wa bei ya kawaida hutengenezwa unywewe mapema, kwa hiyo chukua wa miaka miwili mitatu iliyopita. Muuzaji akikwambia ule wa zamani zaidi ndio mtamu, anataka kuumaliza.

Kwa pombe kali, jambo kubwa ni stempu ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Pakua programu ya Soma Label kwenye simu, piga picha ya msimbo wa stempu, nayo itakuonyesha ni kinywaji gani na kimetengenezwa na nani. Maelezo yakikataana na chupa uliyoshika, irudishe. Kagua pia pete ya kifuniko, kwani chupa tupu za wiski za bei hukusanywa na kujazwa upya. Ndiyo sababu nyumbani, chupa ya bei ikiisha, chana lebo kabla ya kuitupa.

Bei nayo ina ushahidi wake. Tangu mwisho wa Desemba 2024 ushuru wa pombe kali nchini hutozwa shilingi 10 kwa kila sentilita ya alkoholi halisi. Mzinga wa mililita 750 wenye alkoholi asilimia 40 una sentilita 30 za alkoholi, yaani ushuru wa shilingi 300. Ongeza VAT ya asilimia 16 juu ya ushuru huo, unafika 348. Hapo hujalipia kinywaji chenyewe, chupa, lori la kukileta, wala faida ya mwenye duka. Mtu akikuuzia mzinga kwa 400 na kukuapia ni halisi, hesabu inamkana. Hili silisemi kwa ajili ya pesa tu. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya kwa pombe iliyochanganywa na methanoli, na Februari 2024 Kirinyaga ikazika watu wake kwa pombe ya sumu. Methanoli huwezi kuijua kwa kuonja, na wanaopona wengine hupoteza macho. Tafadhali, angalia stempu.

Chupa zenyewe

1. *Chenin blanc ya Afrika Kusini.* Ukiniuliza chupa moja tu ya Mombasa, ni hii, mvinyo mweupe wa zabibu ya jina hilo. Afrika Kusini ndiyo yenye mashamba makubwa zaidi ya zabibu hii duniani, kwa hiyo hata ile ya bei ya chini huwa na kiwango. Ina uchachu wa kutosha kusimama na tui la nazi. Samaki wa kupaka, pweza wa nazi, kamba waliokaangwa kwa kitunguu saumu, vyote vinakaa nayo. Kwa chakula chenye pilipili tafuta iliyoandikwa kuwa na utamu kidogo, kwa sababu alkoholi kali huongeza muwasho na utamu huutuliza. Nyingi huja na kifuniko cha kuzungusha, jambo jema kwa hali yetu ya hewa. Iweke kwenye friji kwa muda wa saa tatu, au ndoo ya barafu na maji pamoja kwa nusu saa. Barafu bila maji hupoza polepole.

2. *Sauvignon blanc, na hasa Leleshwa ikiwepo.* Huu nao ni mvinyo mweupe. Leleshwa hutoka kwenye zabibu zilizolimwa Bonde la Ufa, hapa hapa Kenya. Ni nyepesi, ina harufu ya majani mabichi, na inapendeza na samaki wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu. Inashinda nyingi zilizozunguka bahari kuja kwetu, na ningependa maduka ya Pwani yaiweke mbele badala ya kuificha rafu ya chini.

3. *Jin.* Pombe kali haiharibiki na joto kama mvinyo, na ikifunguliwa inakaa miezi. Kwa tonik, ndimu na barafu nyingi, jin ya kawaida yenye stempu inatosha. Kwa zawadi kubwa ipo Procera, ya Nairobi, iliyotengenezwa kwa matunda ya mtarakwa wa nyanda zetu za juu. Ni ghali, lakini ukimpa mgeni aliyetoka ng'ambo unampa kitu cha Kenya kweli. Usiizamishe kwenye soda.

4. *Mvinyo wa boksi.* Wengi huudharau bure. Ndani kuna mfuko unaosinyaa kadiri unavyomimina, hivyo hewa haiingii, na kwenye friji unakaa wiki kadhaa baada ya kufunguliwa ilhali chupa huanza kuchoka siku ya tatu. Kwa sherehe ya watu ishirini, chukua boksi la lita tano la mvinyo mweupe au wa waridi (rosé).

5. *Vodka au Kenya Cane, pombe kali ya miwa, kwa dawa.* Dawa hapa ni jina la kinywaji cha kuchanganya: ndimu iliyokatwa vipande, sukari kidogo, barafu, na asali iliyoshikana na kijiti cha kupondea. Kwa kinywaji hiki usilipie vodka ya kifahari, maana ndimu na asali vitaifunika. Lipia ndimu nzuri.

6. *Mvinyo wa mapovu.* Kwa harusi, Cap Classique ya Afrika Kusini hutengenezwa kwa njia ile ile ya Champagne, mapovu yakizaliwa ndani ya chupa, na bei ni nafuu mno. Nunua siku ya shughuli au siku moja kabla. Kamwe usiache kwenye buti la gari: shinikizo la ndani ni kubwa kuliko la tairi, na joto huliongeza.

7. *Wiski na brandi.* Umri ulioandikwa ni wa pipani. Ndani ya chupa wiski haizeeki, kwa hiyo kuiweka kabatini miaka kumi hakuiongezei kitu. Ya miaka 12 kutoka duka lenye risiti ni zawadi salama kwa mzee anayekunywa.

8. *Mvinyo mwekundu mzito.* Umeshika mkia kwa sababu ya joto letu, wala siyo kwa ubaya wake. "Joto la chumbani" linaloandikwa kwenye lebo ni la Ulaya, nyuzi 16 hadi 18; la chumba cha Tudor, hapa Mombasa, litaupa ladha ya alkoholi tupu. Ukiwa na mishkaki au mbuzi wa kuchoma, chukua Pinotage, zabibu iliyozaliwa Stellenbosch mwaka 1925, na uitie friji dakika ishirini kabla ya kumimina.

Mnazi sikuupa namba kwa sababu dukani haupo wala haupaswi kuwepo. Hauachi kuchacha: wa asubuhi ni mtamu, wa jioni umeshika ukali, wa kesho unaelekea kuwa siki. Atakayekuuzia wa chupa iliyozibwa ameuharibu, au ameutia kitu. Ufuate Rabai au Kaloleni kwa mgema anayejulikana, unywe siku hiyo hiyo.

Kwa zawadi, ulizia kwanza. Nyumba nyingi za mji huu hazinywi, na kumpelekea mwenyeji chupa kwa kubahatisha ni kumweka pabaya mbele ya watu wake. Mabuyu, halua au tende nzuri hazijawahi kumkosea mtu.

Risiti itunze mpaka chupa ifunguliwe. Ukifungua mvinyo ukanuka kartoni iliyolowa, tatizo ni kizibo. Usiumwage, urudishie kizibo na uupeleke dukani kesho yake ukiwa karibu umejaa. Duka maalumu lenye kujiheshimu hubadilisha. Lisilobadilisha, peleka pesa zako kwa jirani yake.