TAHADHARI: Domeini (jina la anwani ya tovuti) ya biashara yako imeandikishwa kwa jina la nani?

Wenye biashara, hasa nyinyi wa nyumba za wageni na utalii, kuna mchezo unaendelea na watu wanalizwa.

Kijana anakuja na ofa: tovuti, domeini na barua pepe za ofisi, vyote kwa bei moja. Kazi anaifanya, tena tovuti inapendeza. Ila domeini anaiandikisha kwa jina lake na barua pepe yake. Mwaka wa kwanza kimya. Mwaka wa pili inaletwa ankara ya "matengenezo". Mama mmoja wa Paje, Zanzibar, ametakiwa milioni mbili ili aachiwe jina ambalo ada yake ya mwaka haifiki hata laki. Aliposita, tovuti ikazimwa, na ujumbe wa wageni waliokwisha kuweka nafasi ukawa haumfikii, Julai hiyo, msimu wenyewe. Risiti zote anazo, lakini kwenye usajili yeye hayupo.

Kama yako ni .com, ingia lookup.icann.org uiandike. Utaona imesajiliwa kwa wakala gani (kampuni inayouza na kusajili domeini) na inaisha lini. Jina la mmiliki huenda usilione. Tangu sheria ya faragha ya Ulaya ianze kazi 2018 mawakala wengi wanayaficha. Kwa hiyo kipimo ni kimoja tu: je, unaweza kuingia mwenyewe kwenye akaunti ya huyo wakala? "Kijana ndiye anayo neno la siri" maana yake domeini ni ya kijana. Na barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ya domeini hiyohiyo, maana siku ikizimwa hata kiungo cha kubadilisha neno la siri hutakipata.

Ukitaka kuhamia kwa wakala mwingine, dai msimbo wa uhamisho, yaani namba ya siri ya kuihamisha domeini. Kwa .com wakala anatakiwa akupe ndani ya siku 5, ila anampa aliyeandikishwa, si aliyelipa. Ndiyo maana suala la domeini kuandikishwa kwa jina lako likubaliwe kwa maandishi kabla hujatoa hata shilingi. Za .ke ziko chini ya KeNIC, msimamizi wa domeini za Kenya, na kwa .tz malalamiko peleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania.

Halafu kuna wale wa barua za "domeini yako inaisha, lipa haraka" kutoka kampuni usiyoijua. Hao ni wa zamani. Kampuni ya Domain Registry of America ilifikishwa mahakamani Marekani 2003 kwa barua za namna hiyo, na waigaji wapo mpaka leo. Usibonyeze kitu, nenda kwa wakala wako uangalie tarehe. Hata .com ikifutwa kwa kutolipiwa, mwenyewe ana siku 30 za kuikomboa, japo kwa faini inayouma.

Jina la kijana siliweki hapa, suala liko polisi. Aliyefanyiwa hivyo pande za Paje, Jambiani au Nungwi aje inboksi na risiti zake, mama anatafuta wenzake wapeleke malalamiko pamoja.