Breketi za maboksi ya pembeni: zipi ununue ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Breketi yangu ya kwanza ya kubebea maboksi ya pikipiki ilikatikia karibu na Idodi, nikirudi Iringa kutoka upande wa Hifadhi ya Ruaha. Rafu rodi ile haina mgeni: vumbi limejipanga mawimbi mawimbi, ukienda polepole meno yanagongana, ukikimbia unaelea. Nilichagua kukimbia. Boksi la kushoto likaanza kupiga kelele, likanyamaza ghafla, na nilipotazama kioo nikaliona linaning'inia kwa bolti moja kama mlango wa banda la kuku. Kijijini fundi wa kuchomelea alikuwepo, mashine anayo, umeme upo. Akaigonga breketi kwa ukucha, akatikisa kichwa. "Hii alumini, kaka. Mimi nachomelea chuma." Nikafunga kila kitu kwa mipira ya tyubu, ile ile inayofungia magunia ya mkaa, nikaingia mjini hivyo hivyo.

Tangu siku ile ninapopima breketi naanza na swali moja: ikivunjikia Idodi, Matamba au Isongole, nani ataitengeneza? Bei, jina na uzuri vinakuja nyuma yake.

Kwa asiyezijua, breketi ni fremu za mabomba zinazofungwa ubavuni mwa pikipiki, pande mbili za tairi la nyuma, ili maboksi yapate pa kukaa. Boksi ndilo watu wanalitazama na ndilo linalowatoa hela. Breketi inanunuliwa kwa chenji iliyobaki, na ndiyo inayobeba kila kitu.

Kabla ya kuchagua, piga hesabu ya uzito. GIVI wa Italia huandika kikomo cha kilo 10 kwa maboksi yake mengi ya pembeni, na mwendo usiozidi kilomita 120 kwa saa. Boksi la alumini la lita 37 hivi lina karibu kilo 5 likiwa tupu, na jozi ya breketi za chuma ni kilo 4 mpaka 6. Kwa hiyo hujaweka hata shati, tayari kilo 15 ziko nyuma. Mwenye ndoto ya kushuka Tukuyu na kurudi na mkungu wa ndizi kila upande atafute toroli.

Namba moja naiweka breketi ya bomba la chuma iliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya modeli yako. Hepco & Becker na SW-Motech wa Ujerumani wanazo, GIVI pia. Mabomba yake kwa kawaida yana kipenyo cha milimita 16 au 18, na zinafungwa kwenye matundu yaliyokwishakuwepo: bolti za keria au vishikio vya abiria kwa juu, pedeli ya abiria kwa chini. Hakuna kutoboa fremu. Kinachonivutia kuliko jina la kampuni ni kwamba ni chuma cha kawaida. Ikipasuka, fundi yeyote mwenye mashine na vijiti vya kuchomelea ataiunga, hata kama kidonda hakitapendeza.

Ukizitazama, tafuta kitu kimoja ambacho wauzaji hawakisemi: kiungo cha nyuma. Ni bomba au pati ya chuma inayopita chini ya namba ya pikipiki na kuunganisha breketi ya kulia na ya kushoto. Bila kiungo hicho kila upande unajitegemea, na kila shimo la barabara linauvuta ndani na nje mpaka chuma kichoke pembeni mwa weldi. Hapo ndipo zinapokatikia karibu zote nilizoziona: si katikati ya bomba, bali sentimita moja kutoka kwenye weldi. Kikiwepo, pande mbili zinabebana.

Bei ndiyo inayouma. Huko Ulaya jozi nyingi zinauzwa kati ya Euro 200 na 350, halafu uongeze usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Tena usikubali mtu akuambie "hizi ni za Africa Twin" halafu aishie hapo. Africa Twin ya Honda, ile ya CRF1000L, ina fremu ya nyuma ya chuma iliyo sehemu ya fremu kuu. Kwenye CRF1100L, iliyotoka na mwaka wa modeli wa 2020, fremu ya nyuma ni ya alumini na imefungwa kwa bolti. Breketi za moja usitarajie zikae kwenye nyingine. Himalayan za Royal Enfield, ya 411 na ya 450, nazo zimeshea jina tu. Taja modeli na mwaka, na ukiweza tuma picha ya matundu.

Namba mbili ni fundi wako, na kwa pikipiki ya fremu ya chuma isiyo na breketi za kiwandani, fundi anapanda kuwa namba moja. Nina marafiki wenye Honda XL na Yamaha DT za zamani ambao wasingepata breketi popote duniani, lakini pale Sido Mbeya, kwenye karakana za mafundi, wametoka nazo jioni ile ile. Zangu za sasa ni za Sido. Fundi alizunguka pikipiki mara mbili, akauliza, "Hii unaipandisha Kitulo au unaipeleka harusini?" Nilipojibu Kitulo akaweka pembeni bomba alilokuwa ameshika na kuchukua lingine.

Hilo lingine ndilo la kusisitiza: bomba la duara la robo tatu inchi, unene wa milimita 2, au 1.5 kama mzigo ni mwepesi. Bomba la milimita 1 liachie viti na vitanda. Pati za kufungia zikatwe kwenye flati bari ya milimita 4 au 5. Kwenye kila kona inayobeba uzito, omba kipande cha pembetatu. Skwea paipu ni rahisi kukata na kuunga, lakini kona zake zinakula mikanda ya mabegi na ndama ya mguu wako, kwa hiyo mimi naikataa.

Kwenye kuchomelea usimwonee fundi aibu. Apime na kushikiza vipande pikipiki ikiwepo, kisha avue fremu nzima akaichomelee mezani. Akilazimika kupiga nukta mbili tatu juu ya pikipiki, toa waya wa betri, chomoa kompyuta ya injini kama pikipiki ni ya kisasa, na kibano cha athi kishike kipande kinachochomelewa, siyo injini wala fremu. Tangi lifunikwe kwa kitambaa kilicholoa. Nimeona cheche ikitoboa siti. Sipendi kufikiria ingetua wapi kama siti isingekuwepo.

Ikishapoa, itobolewe tundu dogo chini kabisa ya kila bomba ili maji yatoke. Mvua ya Rungwe haibishi hodi, inaingia, na bomba lililozibwa ovyo linaoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikimeremeta. Praima kwanza, kisha mikono miwili ya rangi. Mimi nilidaiwa laki moja na thelathini, chuma na kazi pamoja, rangi nikapaka mwenyewe. Udhaifu wa njia hii ni kwamba hakuna fundi wawili wanaofanana. Omba kuona kazi aliyoifanya mwaka jana. Ya jana kila mtu anayo nzuri.

Tatu ni breketi nyembamba za kuzuia mabegi laini. Hizi hazibebi boksi. Ni upinde mmoja wa bomba kila upande unaozuia begi lisiingie kwenye tairi au kuegemea ekzosi, na uzito unabebwa na mikanda inayopita juu ya siti. Nimeziweka tatu kwa sababu mjini hazina kufuli, na ukiingia kula chipsi Mwanjelwa jicho linabaki nje. Lakini kwa anayepanda Kitulo au kuzunguka Makete kati ya Novemba na Aprili, ningezipandisha juu ya zote. Kwenye utelezi unashusha mguu kila dakika kusawazisha pikipiki. Boksi gumu lililo nyuma tu ya ndama linaugonga mguu huo, na ukianguka linaubana chini. Begi laini linasukumika. Nunua yale yanayofungwa kwa kukunjwa mdomo, na upande wa ekzosi weka bati la kukinga joto.

Nne ni breketi za kuvuliwa haraka, zile za kuzungusha vifungo vinne na fremu ikatoka mkononi. Ni nzuri kwa mtu wa lami anayetaka pikipiki nyembamba akifika gesti Mafinga. Kwenye vumbi vifungo vinalika, vinaanza kucheza, na kinachocheza kinaongeza mtikisiko. Sina mengi ya kusema juu yake.

Mwisho kabisa, zile za "kila pikipiki": vibano vya kukaza kwenye bomba lolote, mara nyingi alumini, mara nyingi rahisi, mara nyingi picha yake ni nzuri kuliko yenyewe. Ndizo zilizonifikisha Idodi. Ukinunua mtumba, nenda na sumaku ndogo. Ikigoma kunasa, huenda ni alumini, lakini uliza maswali kwanza, maana baadhi ya chuma kisichoshika kutu nacho hakinasi. Alumini inataka mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea.

Ukishanunua, usikimbilie kukaza. Ingiza bolti zote kwa vidole kwanza, mpaka ya mwisho ishike, ndipo ukaze kidogo kidogo kila upande. Bolti ya kwanza ikikazwa mapema, ya mwisho utailazimisha, na fremu itaishi imejipinda siku zote. Tumia bolti za daraja la 8.8: ya M8 (unene wa milimita 8) kwa nguvu ya nyutonimita (Nm) 20 hadi 25, ya M6 karibu Nm 10, na nati zenye nailoni au gundi ya bluu ya kushika nyuzi za bolti. Gundi nyekundu haitoki bila moto. Bushi za kusogeza breketi nje ziwe fupi iwezekanavyo, kwa sababu bushi ikirefuka, bolti nayo inapinda kirahisi zaidi.

Kisha kaa juu na watu wawili wazito, pikipiki ididimie mpaka shokapu ziishe, uone kama tairi linagusa kiungo cha nyuma. Washa indiketa, zisifichwe. Pima upana wa maboksi dhidi ya usukani, maana kati ya Igawa na Tunduma malori hayakuachii nafasi ya kukisia.

Rudia kukaza baada ya kilomita 100 za mwanzo. Mimi husimama tena Chimala kabla ya kuanza kona za Hamsini na Saba kwenda Matamba, nalishika kila boksi kwa mikono miwili na kulitikisa. Likicheza, spana namba 13 iko mfuko wa juu, siyo chini ya nguo.