Nusu siku mbugani: dereva nampa tisa, kampuni nne

Mimi ni dereva wa matatu za Rongai, kwa hivyo ua wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi naupita kila siku pale Barabara ya Magadi, makanga akigonga bodi na nyani wakitutazama. Ndani nilikuwa sijaingia tangu tupelekwe na shule ya msingi. Jumapili mama watoto akatulipia safari ya nusu siku, ile ya vani yenye paa la kufunguka. Kampuni siitaji, lakini wakisoma hapa watajijua.

Tuliahidiwa kuwa langoni Lang'ata saa kumi na mbili asubuhi, linapofunguliwa. Vani ilitufikia saa moja na nusu. Mtu wa matatu akichelewa hivyo abiria wameshapanda gari lingine. Halafu kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, hakuna pesa taslimu, na wao walikuwa hawajalipa; tukaegeshwa kando huku kijana wao akitafuta mtandao. Paa nalo lilikwama upande mmoja, mpaka likafunguliwa kwa bisibisi.

Sasa dereva. Mzee wa makamo, darubini yake imefungwa kwa utepe wa gundi. Nilimkagua kama mtahini, nakiri. Mbugani mwendo wa juu ni kilomita 40 kwa saa na hakuwahi kuufikia. Kila aliposimama alizima injini. Tulikuta magari yamezingira kichaka kimoja kwa ajili ya simba, madereva wakibanana kama wako steji, yeye akapita zake, akasema, "Huyo simba hana pa kwenda, wacheni tutarudi." Tuliporudi, magari yalikuwa yametawanyika na jike amelala peupe.

Kabla ya hapo, njia ya Athi Basin, alisimama mahali ambapo mimi sikuona kitu. Kumbe kulikuwa na kifaru mweupe anakula nyasi, akija upande wetu taratibu. Alikaribia hadi tukamsikia aking'oa nyasi. Tope lilikuwa limemkaukia mgongoni, linapasuka kila anapohamisha mguu. Masikio yana mapengo. Mzee akaeleza kuwa hukatwa makusudi ili askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wamtambue kila mmoja. Akatuonyesha mdomo: huyu ni mpana na bapa, wa kuchunga nyasi, ilhali kifaru mweusi ana mdomo uliochongoka wa kuvuta majani ya vichaka. Shingoni alining'inia ndege askari-wa-kifaru akidonoa kupe. Kitinda mimba wangu akauliza, "Baba, huyo ndiye makanga wake?" Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Mimi hulipwa kwa kutosimama. Kukaa na mtu anayejua wakati wa kusimama, na asiyekuharakisha, ndiyo thamani yote ya pesa ile.

Picha za twiga na maghorofa ya mjini nyuma zimewavutia wengi. Mimi maghorofa hayo nimeyachoka. Treni ya SGR ikipita juu ya nguzo zake huku pundamilia wakiendelea kula chini, hiyo niliipenda. Watoto walidai tembo. Mbuga hii haina tembo, waambie mapema kabla hawajaanza kununa. Palipochomwa tani 105 za pembe za ndovu mwaka 2016 tulisimama kidogo, mkubwa akauliza maswali ambayo bado namjibu.

"Chakula cha mchana" kilikuwa sambusa mbili kila mtu na soda ya moto.

Ukiwapigia, omba mzee mwenye darubini ya utepe, na usitume pesa zote kabla gari halijafika mlangoni kwako. Pesa ya chakula nimewadai irudi kwa M-Pesa. Jibu lao hadi leo ni "tunashughulikia, boss."