Pampu ya Kupozea Kompyuta kwa Maji: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Anayejenga mfumo wake wa maji kwa mara ya kwanza huanza na rejeta na taa za rangi. Pampu huikumbuka pesa zimeshakatika. Kumbe rejeta ikiwa ndogo joto litapanda kidogo tu, lakini pampu ikisimama kompyuta inajizima katikati ya mchezo. Hivi ndivyo ninavyozipanga.

1. D5 yenye PWM

D5 ni aina ya pampu, na PWM ni njia ya ubao mama kuiongoza kasi kwa waya. Hii ndiyo ninayomshauri karibu kila anayeniuliza. Haikubuniwa kwa ajili ya kompyuta. Asili yake ni Laing ya Ujerumani, ambayo sasa iko chini ya Xylem ya Marekani, na kazi yake ilikuwa kuzungusha maji ya moto majumbani. Ndiyo maana kukesha kwake si habari. Rota inazungukia goroli moja ya kauri, na maji yenyewe ndiyo grisi yake. Inatumia umeme wa volti 12, wati 23 hivi ikiwa kasi kamili, na maelezo yake yanataja lita 1500 kwa saa na kimo cha mita 3.9, yaani urefu inaoweza kuyapandisha maji.

Hiyo 1500 isikulevye. Ni ya pampu isiyosukuma kitu chochote. Ukishaunga bloku (kipande cha chuma kinachopitisha maji juu ya chipu) ya prosesa, ya kadi ya grafiki na rejeta mbili, utabaki na sehemu ndogo tu ya hizo lita, na zitakutosha. Ukipata lita 120 kwa saa uko salama. Ukizifanya 250, joto litashuka nyuzi moja au mbili, basi. Mimi yangu naiendesha nusu ya kasi na ninachosikia ni feni.

Ipo pia D5 isiyo na PWM, ya kurekebisha kwa bisibisi kuanzia 1 mpaka 5. Inafanya kazi vizuri, ila ukishafunga kila kitu utakuta kirekebishio kimegeukia ukuta wa kasha. Na kama huna uzoefu, chukua iliyokwisha kuunganishwa na tangi lake la maji: kila kiungio unachokipunguza ni mahali pamoja pasipoweza kuvuja.

2. DDC

Ndogo, na ina presha kuliko D5: ya wati 18 inafika kimo cha mita 5.2, lita 1000 kwa saa. Kama kasha lako ni dogo na D5 haiingii, mjadala umekwisha. Lakini saketi yake iko chini na inachemka, kwa hiyo ifunge juu ya kipoza joto cha alumini na upepo uifikie. Sauti yake ni nyembamba, kama mbu sikioni. D5 inanguruma chini chini, na ngurumo hiyo kipande cha sponji kinaimeza.

3. D5 mbili mfululizo

Moja ikifa, nyingine inaendelea kusukuma. Kwa mashine inayofanya kazi saa 24 ninaelewa. Kwa mtu wa michezo, hela ya pampu ya pili aiweke kwenye rejeta.

4. Za bei ya chini zilizopachikwa jina "D5"

Zipo za kutumika. Kabla ya kulipa soma maelezo: zikiandikwa lita tu bila kimo cha mita, pita. Ikikosa waya wa kurudisha taarifa ya kasi, pita pia, kwa sababu siku ikisimama ubao mama hautajua.

Ya kuacha kabisa: pampu ya tangi la samaki

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu walizitumia kwa kukosa nyingine. Ile ya kuchomeka ukutani haiwaki pamoja na kompyuta. Usahau mara moja tu uone.

Ukishanunua, umeme wa pampu utoke kwenye pawa saplai. Pini za feni kwenye ubao mama kwa kawaida hutoa ampea 1, yaani wati 12, na D5 inataka karibu mara mbili yake. Waya wa PWM ndio uende kwenye ubao mama.

Tangi likae juu ya mdomo wa pampu, na usiiwashe bila maji, hata "kuijaribu tu". Ya kwangu ya kwanza niliijaribu hivyo dakika chache, na tangu siku hiyo ikawa inakwaruza kama mashine ya kusaga nafaka.

Maji yenyewe ni yale yaliyotoneshwa, yaani distilidi, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Huku kwetu mengi huuzwa kama maji ya betri, kwa hiyo soma lebo: kwenye rafu hiyo hiyo kuna chupa za asidi ya betri zinazofanana nayo, na hiyo itatafuna bloku, rejeta na vidole vyako.