Biriani ya Iddi kutiwa kwenye blenda: uzoefu wangu na home ya wazee huku Leicester

Naandika na hasira bado zimenikaa hapa kooni, mtanisamehe. Home yenyewe siitaji jina, iko Leicester, bustani, vyumba visafi, hayo mtayaona kwa picha zao. Mimi nina neno na sahani moja tu.

Mamangu tangu apigwe na kiharusi hamezi vizuri, kwa hiyo chakula chake ni cha kusagwa, ile wanaita levo 4 kwenye vipimo vya IDDSI, vile vya kimataifa vya chakula cha watu wa shida ya kumeza, ambavyo Uingereza wanavifuata tangu 2019. Levo 4 si uji jamani. Chakula kinatakiwa kikae na umbo lake kwenye sahani, ukiinamisha kijiko kidondoke chote kwa pamoja, kisiwe na punje wala kisinate. Na hawa watu wanajua kukifanya, tena wanajua sana! Krismasi nilikuwepo. Bata mzinga kasagwa peke yake kashindiliwa kwenye moldi katoka kipande cha nyama kamili, karoti zimesagwa zikawa karoti tena, njegere kando, mchuzi juu. Mamangu bata hakula maana si halali, wakamtengenezea samaki, na samaki katoka samaki mpaka mkia. Nilifurahi, sikatai.

Ikaja Iddi. Meneja nilimwambia mapema, akataka tarehe kamili, nikamwambia ni siku hii au ya pili yake, tunangoja mwezi uandame, akaniangalia utadhani namfanyia mzaha. Akasema chakula kutoka nyumbani hapana, kwa sababu ya vile vitu 14 vya mzio ambavyo sheria inataka viandikwe, biriani watapika wenyewe. Sawa. Nikamuelekeza buchari za halali za Evington Road, nikamuandikia resipe nzima, vitunguu vya kukaanga, maziwa lala, zafarani, yani mpaka wakati wa kufunika sufuria.

Siku yenyewe nimefika, nimemvisha mama dera jipya, udi sikuchoma kwa kuogopa kengele ya moto nikampaka haluudi, tumekaa tunangoja. Sahani inakuja. Wallahi. Wamechukua wali, nyama, masala, viazi, vyote wakavimwaga kwenye blenda kwa mpigo mmoja, rangi haieleweki, harufu haieleweki. Na wali ukisagwa hivyo unanata, mpishi yeyote anajua, na kitu cha kunata ndicho haswa asichotakiwa kupewa mtu wa shida ya kumeza! Sikumuacha akile. Nikamfuata meneja nikamuuliza, mbona Krismasi kila kitu kilisagwa mbali mbali? Akanijibu huku anatabasamu, ati kwa hali yake hatajua tofauti, hata leo siku gani hajui.

Hajui! Mtu kaamka asubuhi anauliza mahamri yako wapi. Mtu aliyekuwa akipika masinia ya Iddi Kibokoni, Mombasa, mpaka majirani wanaletewa kabla ya wenyewe kula. Nikamtajia kanuni yao wenyewe, namba 14 ya zile za mwaka 2014 ambayo CQC, wale wakaguzi wa huduma za afya na wazee huku, wanakuja kuikagua, inataka chakula kifuate dini na mila za mtu pale inapowezekana, akaniambia nyama ilikuwa halali. Kwani halali ndiyo Iddi? Halali ni ya kila siku, hata Jumatatu ya mvua!

Nikaweka nyota moja pale pale koridoni. Halafu nikaifuta, kwa sababu ya mpishi. Mama mmoja Mpolandi, katoka jikoni na aproni yake kuniuliza hiyo biriani inakuwaje maana yeye hajawahi kuionja, na resipe hakupewa, imebaki ofisini. Imebaki ofisini!! Nikamwambia wacha biriani, kwetu kuna bokoboko, ngano na nyama zinachemshwa mpaka zinavurugika zinapondwa kwa mwiko, samli juu, ni chakula cha siku kuu na kusagwa kwenyewe nusu kushafanyika. Baada ya siku kadhaa akajaribu, akaichuja nyuzi za nyama zisibaki, akailegeza na supu isinate, yule mtaalamu wa kumeza akaipima kwa kijiko akaikubali. Mama akala, akasema chumvi haijakolea. Nilicheka peke yangu ndani ya basi mpaka watu wakanigeukia.

Sasa nyota ngapi? Jikoni tano. Yule dada wa Zimbabwe anayemuita mama gogo, yani bibi kwa lugha ya kwao, wakati wenzake wote wanamuita jina tupu utadhani wamezaliwa naye mtaa mmoja, huyo naye tano. Ofisi sifuri. Ukipiga hesabu inatoka tatu na ushei lakini mkono unakataa, nimeweka mbili, na nikikumbuka lile tabasamu natamani kuirudisha ile moja. Kusema msipeleke wazee wenu pale pia siwezi, mamangu mwenyewe kanenepa. Ila mkipeleka, karatasi yoyote ya chakula msiiache kwa meneja, zungukeni nyuma mlango wa jikoni mumpe mpishi mkononi. Iddi ya Mfungo Tatu inakaribia, mimi na yeye tushaongea, ngano ishanunuliwa. Meneja sijamwambia.